Tupeane uzoefu: cherehani isiyopiga kelele, kwa sisi tunaoshona usiku

Wadau, habari za usiku. Mimi ni fundi wa nguo za kike, nimepanga chumba kimoja Mbagala. Mchana niko sokoni, wanangu wakishalala ndipo nakaa kwenye cherehani, saa nne mpaka saa saba. Nyumba yetu haina silingibodi, kuta zinaishia chini ya mabati, kwa hiyo sauti inapita juu kama vile tunaishi chumba kimoja. Jirani yangu ana mtoto wa miezi miwili. Juzi aligonga mlango, hakugomba, aliniomba tu, huku mtoto yuko begani analia. Iliniuma sana. Cherehani yangu ni ile nyeusi ya mguu, niliifunga mota ya pembeni. Mliopitia hili mlifanyaje? Mlinunua ipi?

Fundi, Tanga
Dada, kabla hujatoa hela chunguza kelele inatoka wapi. Zungusha gurudumu kwa mkono, polepole, usikilize. Ikilia "tok, tok" kila sindano inaposhuka, badilisha sindano kwanza. Ncha ikishakuwa butu haitoboi, inagonga kitambaa. Ikikwaruza chini, fungua kile kibati cha juu ya meno yanayosukuma kitambaa. Mimi nimeshatoa humo vumbi la uzi lililogandamana mpaka likawa kama kipande cha blanketi.

Halafu mafuta. Mteja aliniletea cherehani ambayo gurudumu lake unalisukuma kwa mikono miwili. Kumbe alikuwa anaitia mafuta ya kupikia, na yale yakikaa yanageuka gundi. Niliisafisha kwa mafuta ya taa, nikaiacha ikauke kabisa, nikaweka tone moja moja la mafuta ya cherehani kila tundu. Ikawa laini, mlio ukapungua kuliko hata nilivyotarajia. Usizidishe tu, utachafua nguo ya mtu.

Mshona sare, Mombasa
Mimi natumia mashine ya kiwandani. Mota yake ilikuwa ya klachi: ukiwasha tu inanguruma, hata kama hujakanyaga, na stima inaenda. Nikaitoa nikaweka ya sevo. Hii haizunguki mpaka ukanyage, ukiachia inanyamaza, na kasi unaipunguza utakavyo. Meza ni ile ile, kichwa ni kile kile, lakini sasa nasikia mkasi ukikata uzi. Mtu akikuuzia ya kiwandani, ulizia mota kabla ya bei.

Unguja
Dada yangu, kuwa makini na mitumba ya Japani. Yangu ni kimya kweli. Bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, inalala juu, chini ya kifuniko cha plastiki, na kikombe chake chenye ncha ya kunasa uzi kinazunguka upande mmoja tu, hakiendi na kurudi kama cha zile nyeusi, ndiyo maana haitikisiki sana. Lakini ni ya volti 100 na umeme wetu ni 230. Ikabidi ninunue transfoma, na sasa transfoma ndiyo inayovuma. Nimeiweka sakafuni juu ya kipande cha mpira, afadhali kidogo. Usithubutu kuichomeka bila transfoma, itaungua.

Morogoro
Karibu na sikukuu mimi nagawa kazi. Mishono mirefu na ovaloki mchana, usiku nabaki na mapindo, vifungo na kulabu kwa mkono.

Mleta mada
Ahsanteni sana, nimerudi na majibu. Meza nimeivuta shubiri mbili kutoka ukutani, kila mguu nimeuwekea kipande cha tairi kuukuu. Sindano mpya, mafuta mapya. Mota nimeivua kabisa, nimerudisha mkanda wa ngozi, nakanyaga mwenyewe. Kasi imepungua: nilikuwa namaliza magauni mawili kwa usiku, sasa moja na mikono ya la pili. Jana nilishona mpaka saa sita na nusu. Asubuhi nikamwuliza mama mtoto, akasema mlio aliusikia kwa mbali, ila mtoto hakuamka.

Ile ya bobini ya juu nimeanza kuiwekea akiba. Aliyeshonea kitenge aniambie: pale kiunoni, kitambaa kikishakunjwa mara nne, inapita au inakwama?