Sukari imepanda baada ya sindano za mapafu ya mtoto

MamaWaPasua: Habari zenu wapendwa. Nina mimba ya wiki 32 na sukari ya mimba, nilikuwa naidhibiti kwa chakula tu. Uchungu ukataka kuanza mapema, nikalazwa na kuchomwa deksamethasoni ili mapafu ya mtoto yakomae. Jana nimeruhusiwa. Leo asubuhi kabla ya kula kipimo kinasoma 8.4, wakati haikuwahi kuvuka 5! Na mama mkwe kashuka toka Kibosho na sufuria ya mtori. Ni dawa au ni chakula?

Nesi_Moshi: Pole mama. Dawa hiyo. Kwa kawaida ni miligramu 6 kila saa 12, mara 4, na sukari inaweza kubaki juu siku kadhaa baada ya sindano ya mwisho. Tunataka iwe chini ya 5.3 kabla ya kula, na chini ya 7.8 saa moja baada ya kula. Kwa hiyo piga simu wodini leo, usisubiri kliniki. Huenda wakakupa insulini kwa muda. Usijinyime kula. Ukitapika, au mtoto akipunguza kucheza, nenda hata kama ni usiku.

ShangaziNjiro: Mimi nilichoma insulini, dawa ilipoisha mwilini wakanipunguzia. Mtori chukua kibakuli, nyama nyingi ndizi kidogo. Mwambie mkwe daktari kasema. Hilo wazee hawabishi.

MamaWaPasua: Asanteni. Nimepiga, wanataka niende mchana na daftari la vipimo. Mtori anaumaliza mume wangu.