Naomba ushauri: kuishi katika kijiji cha pwani kisichofikiwa na watalii

Ndugu zangu, ninatarajia kuishi kwa muda katika kijiji cha wavuvi cha ukanda wa joto, mbali na njia za watalii, ambako hakuna hoteli wala zahanati ya karibu na mgeni hupokelewa nyumbani kwa mtu. Chandarua chenye dawa na vidonge vya kuzuia malaria nimekwisha kuviandaa. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni maji, kwa sababu visima vilivyo karibu na bahari huingiliwa na chumvi, na kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi hiyo. Je, nitegemee maji ya mvua? Naomba pia kuelekezwa namna ya kumshukuru mwenyeji anayekataa fedha, maana sitaki kabisa kumvunjia heshima mtu aliyenifungulia mlango wake.