Sarafu za Ireland: kinubi kibaki peke yake au wanyama warudi?

Mleta mada: Wakuu, tangu 2002 sarafu zote nane za yuro za Ireland zina kinubi kilekile cha Jarlath Hayes: ÉIRE kushoto, mwaka kulia, nyota 12 pembeni. Nasema wanyama warudi. Kwa sarafu zilizotolewa mwaka 1928, kamati ya mshairi na seneta W. B. Yeats ilichagua michoro ya Mwingereza Percy Metcalfe: farasi, samaki samoni, fahali, mbwa wa kuwindia, sungura, kuku na vifaranga, nguruwe na wanawe, na ndege wa porini. Mfalme wa Uingereza bado alikuwa mkuu wa dola, lakini sura yake haikuwekwa. Nchi ya wakulima ilijitambulisha kwa mifugo yake!

Mchangiaji wa 2: Mkuu, wakati ule kinubi kilikaa upande wa pili. Kwenye yuro upande huo ni wa Ulaya nzima, kwa hiyo farasi akiingia, nembo ya taifa inatoka. Halafu ukubwa: sarafu ya peni yenye kuku ilikuwa na kipenyo cha mm 30.9, senti 1 ina mm 16.25, eneo lake halifiki theluthi ya ile. Toa nafasi ya nyota, vifaranga vitano utavionaje? Mistari myembamba namna hiyo ndiyo inayofutika kwanza mfukoni.

Mleta mada: Kuku sawa, nakubali. Lakini sarafu ya fahali ilipunguzwa hadi mm 18.5 mwaka 1992, ya samoni hadi mm 22 mwaka 1993, na wote walisomeka vizuri. Slovenia nayo imeweka korongo kwenye senti 1 yenyewe. Na usiseme gharama: kila kipimo kina muhuri wake wa kugongea hata mchoro ukiwa mmoja.

Mchangiaji wa 3: Kanuni za Ulaya zinaruhusu kubadili upande wa taifa mara moja kila miaka 15, kwa hiyo njia iko wazi, na sarafu za zamani zingeendelea kutumika. Senti 1 na 2 msiziguse: tangu Oktoba 2015 jumla ya malipo ya taslimu huko inaweza kupandishwa au kushushwa hadi senti 5 iliyo karibu, hivyo mihuri mipya ya nini? Yuro 1 na 2 ziachieni kinubi, maana samoni amelala mlalo na mkia wake ungevuka kiungio cha metali mbili. Mpeni senti 50: metali moja, mm 24.25, pana kuliko sarafu yake ya mwisho. Fahali akae senti 20.

Mchangiaji wa 2: Kwa mpango huo naunga mkono. Kinubi kikiondolewa kwenye yuro 2, napinga.