Je, barafu ya Kilimanjaro ikiisha, Mto Pangani utakauka?

Mleta mada, Tanga mjini

Kila maji yanapopungua kwenye mitambo ya umeme ya Hale, au wakulima wa Korogwe wanapoikuta mifereji imekauka, husikika kauli kwamba Mto Pangani unakufa kwa sababu theluji ya Kilimanjaro inakwisha. Naileta kauli hiyo tuijadili, kwa kuwa naona imechukua mambo mawili yaliyo ya kweli, yaani kutoweka kwa barafu ya Kibo, kilele kirefu cha Kilimanjaro, na kupungua kwa maji ya mto, ikalifanya la kwanza kuwa chanzo cha la pili bila ushahidi.

Kwamba barafu inatoweka, hilo halina ubishi. Mwaka 1912 ilifunika takriban kilomita 12 za mraba. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki pungufu ya 2. Lakini hebu tupige hesabu ya maji. Tuseme, kwa ukarimu, kwamba kilomita 2 za mraba zinapoteza mita nzima ya unene kila mwaka, na kwamba kila tone linafika mtoni. Tutapata mita za ujazo milioni 2, ambazo tukizigawanya kwa sekunde za mwaka mzima ni kama lita 60 kwa sekunde. Mto unaozungusha mitambo ya megawati 21 pale Hale na megawati 68 pale kwenye Maporomoko ya Pangani hupimwa kwa maelfu ya lita kwa sekunde. Na hata hizo lita 60 ni za kwenye karatasi tu, maana wastani wa joto kileleni ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri, na sehemu kubwa ya barafu ile haiyeyuki ikatiririka, bali hupigwa na jua na upepo mkavu ikageuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza.

Maji ya Pangani yanayotoka Kilimanjaro huanzia kwenye ukanda wa msitu, ambako mvua nyingi ya mlima hunyesha na ambako ukungu hunaswa na matawi na kuvumwani za miti ukadondoka ardhini. Sisi wa Tanga mjini tuna ushahidi mlangoni: maji tunayokunywa hutoka bwawa la Mabayani kwenye Mto Zigi, unaoshuka kutoka Usambara Mashariki, milima isiyo na barafu hata punje. Nahofia kwamba tukiendelea kuililia barafu, ambayo hakuna mkulima wa Korogwe anayeweza kuirudisha, tutasahau kuuliza nani anakata msitu na nani anachepusha maji kabla hayajafika bwawa la Nyumba ya Mungu.

Mchangiaji wa kwanza, Pangani

Ndugu mleta mada, hesabu yako naikubali, lakini naona unaitumia kuifukuza barafu kwenye mjadala kabisa, na hapo sikufuati. Mwaka 2002 mtafiti wa barafu Lonnie Thompson na wenzake walieleza kwamba barafu ya Kibo ilikuwa na umri wa miaka ipatayo 11,700, na kwamba ilivuka salama ukame mkali uliodumu karne kadhaa, miaka kama 4,000 iliyopita. Iliyostahimili ukame ule na sasa inaisha ndani ya karne moja na ushei, je, tutasema ni ukavu wa kawaida tu?

Isitoshe, wewe unatazama mto unakotoka. Sisi tulio mdomoni tunatazama unakoingia. Kwa mto wenyewe barafu ya Kibo ni kidogo, sawa, lakini barafu ya milima ya dunia nzima, kuanzia Alaska hadi Himalaya, imepoteza wastani wa tani bilioni 273 kila mwaka kati ya 2000 na 2023, na maji hayo peke yake yamepandisha bahari kwa milimita 18 hivi. Milimita 18 zinaweza kuonekana si kitu kwa mtu wa Lushoto. Kwetu, siku za bamvua, wakati mto una nguvu ndogo, maji ya chumvi hupanda mtoni, na shamba la minazi lililo ukingoni haliulizi chumvi imetokana na nini. Kisiwa cha Maziwe, kilichokuwa na miti, leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. (Sitasema ni bahari peke yake iliyokimeza, kwa sababu wazee wetu husimulia pia habari ya mivinje iliyokatwa.)

Mchangiaji wa pili, Korogwe

Tusipoteze muda. Maji yanaishia kwenye mashamba ya miwa na mpunga ya juu, kwenye mifongo, yaani mifereji ya asili, ya mlimani na kwenye mvuke wa Nyumba ya Mungu. Ningependa kuona ratiba ya kufungulia bwawa imebandikwa kwenye ofisi ya kijiji chetu kabla sijaambiwa habari za Alaska.

Mchangiaji wa tatu, Muheza

Dada wa Pangani na kaka mleta mada mnavutana kamba ambayo ncha zake zimefungwa pamoja. Georg Kaser, Thomas Mölg na wenzao, waliopima hali ya hewa juu ya Kibo, walionyesha kwamba hewa ya Afrika Mashariki ilianza kukauka kwa ghafla tangu miaka ya 1880, na kwamba upungufu wa theluji mpya ndio uliomaliza barafu zaidi kuliko joto la hewa ya kileleni. Theluji mpya ni nyeupe na hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua. Ikikosekana, barafu kuukuu yenye vumbi hufyonza mwanga huo, na kingo zake zilizosimama wima kama ukuta hurudi nyuma mwaka hadi mwaka bila kupata nafasi ya kujijenga upya. Lakini unyevu wa Kilimanjaro huletwa na upepo kutoka Bahari ya Hindi, na bahari hiyo inapata joto, kwa hiyo anayesema ukavu hajaliepuka suala la tabianchi.

Kuna jambo kubwa zaidi ambalo wote mmelipita. Ukavu huohuo ndio unaoleta moto. Moto wa Oktoba 2020 tuliuona usiku kwa usiku kwenye televisheni, na kabla ya hapo mioto ya miongo kadhaa ilikuwa imekwisha kuuteremsha mpaka wa juu wa msitu wa Kilimanjaro, pale penye miti inayonasa ukungu. Hapo ndipo ongezeko la joto linapougusa Mto Pangani. Haligusi kupitia barafu, linagusa kupitia msitu.

Mleta mada

Nimemsoma ndugu wa Muheza mara mbili, na hoja yake ya moto imeikamilisha yangu. Kwa dada wa Pangani nabaki na tofauti moja. Thompson huyohuyo alitabiri kwamba barafu ya Kibo ingekwisha kati ya 2015 na 2020, na bado ipo. Utabiri ukipitwa na wakati, wasioamini mabadiliko ya tabianchi huuokota na kuutumia dhidi ya kila kilicho sahihi. Shirika la UNESCO mwaka 2022 lilitaja 2050 kuwa mwaka ambao barafu hiyo itakuwa imekwisha, na hata huo singeuandika kwenye bango. Kuhusu ratiba ya bwawa, naomba ndugu wa Korogwe aeleze hapa: je, chama cha watumia maji cha kijiji chake kimewahi kuiomba kwa barua, na kilijibiwa nini?