Mjadala: Ushindi 2,029, kombe sifuri. Mike Martin ni kocha bora wa besiboli ya vyuo au tunadanganyana?

Wakuu, salaam.

Najua wengi humu ni watu wa mpira wa miguu, lakini sisi tulio Marekani wengine tumeshaambukizwa besiboli, na kuna ubishi mmoja umetushinda kuumaliza kazini. Naumwaga hapa.

Mike Martin alifundisha timu ya Florida State, pale Tallahassee, kuanzia 1980 hadi 2019. Misimu 40, chuo kilekile. Ushindi wake ni mechi 2,029. Augie Garrido, aliyekuwa anashikilia rekodi kabla yake, aliishia 1,975. Hakuna msimu alioshinda mechi chini ya 40, wala hakuna alioukosa mchujo wa taifa. Kila Juni timu nane zilizobaki hukutana Omaha, Nebraska, kugombea ubingwa. Mzee alifika huko mara 17 akiwa kocha. Kombe hakuligusa. Fainali mbili alizocheza, 1986 alipigwa na Arizona, na 1999 Miami, majirani zake wa jimbo hilohilo, wakamtoa 6–5.

Wenzangu wawili hawataki hata kusikia. Wanasema huyu alijua kufika, kumaliza hakujua. Wananitolea mfano wa Rod Dedeaux, kocha wa USC (chuo cha Southern California): aliichezea Dodgers ya ligi kuu mechi mbili tu mwaka 1935, kisha akaja kubeba makombe 11 ya vyuo, matano kati ya hayo mfululizo, 1970 hadi 1974. Na lile la 1970 aliwanyang'anya haohao Florida State, 2–1, mechi ikienda vipindi 15 badala ya 9. (Martin hakuwa kocha bado, lakini nimeona kidonda kilianza zamani.)

Mimi nikawaambia tupige hesabu. Tuseme timu nane zina nafasi sawa, moja kwa nane. Uwezekano wa kwenda mara 17 na kukosa zote ni kama asilimia 10. Ni bahati mbaya, ndiyo, lakini si mkosi wa kuitia mganga. Wakanijibu hesabu yangu ina tobo, kwamba baadhi ya miaka timu yake ilikuwa bora kuliko zile nyingine saba. Hapo walinibana, nakiri.

Ila angalieni mchezo wenyewe. Besiboli mrushaji mmoja akiamka na mkono mzuri anaweza kuzima timu nzima, na akishachoka humtumii tena kesho wala keshokutwa. Msimu wa mwisho wa Martin, 2019, Florida State waliponea chupuchupu kuingia mchujo. Wakaenda Athens, ile ya jimbo la Georgia, wakashinda ugenini. Wakaenda Baton Rouge, wakawatoa LSU (chuo cha Louisiana State) kwao. Omaha wakaanza kwa kuwafunga Arkansas 1–0. Halafu Michigan 2–0, halafu Texas Tech 4–1, ukipoteza mara mbili umetoka. Mechi tatu, wao wamepata pointi mbili tu. Mzee wa miaka 75 pale benchi angefanya nini, achukue gongo mwenyewe?

Kama mchezaji hakuwa na jina kubwa. Alivaa jezi ya chuo hichohicho, akafika Omaha 1965, akazunguka ligi ndogo za kulipwa bila kupanda ligi kuu. Kabla ya kurudi alifundisha hata mpira wa kikapu kwenye chuo kidogo cha mjini hapo. Lakini angalieni waliopita kwake wakafika ligi kuu: Deion Sanders, J.D. Drew, Buster Posey. Posey alifika akicheza ulinzi wa ndani, wakamgeuza mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Kwa kuchuchumaa huko alitwaa ubingwa wa ligi kuu mara tatu na San Francisco Giants.

Nilikwenda uwanjani kwao mara moja. Katikati ya kipindi cha tano jukwaa zima likasimama kuimba wimbo wa taifa wa Kanada. Ndiyo, Kanada, Florida hiyohiyo yenye joto la kuoka. Ni utani wa mashabiki wa hapo, wa miaka mingi. Jirani yangu, babu aliyevaa jezi namba 11, namba ya Martin, aliimba mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Nikamwuliza kuhusu kombe. Akanionyesha jina la Martin kwenye uwanja, akarudi kumenya karanga zake.

NYONGEZA: Mmoja ameniuliza mbona nimeruka suala la mtoto. Haya. Martin alipostaafu, kiti kilikwenda kwa mwanawe, aliyekuwa msaidizi wake miaka mingi. 2022 chuo kikamwondoa. Hilo silitetei, kiti cha kocha si shamba la urithi.

Lakini anayesema tatizo lilikuwa Martin, anijibu hili. Mzee alifariki Februari 2024. Juni ya mwaka huohuo Florida State wakarudi Omaha chini ya Link Jarrett, mchezaji wake wa zamani. Wakatolewa na Tennessee, waliochukua kombe. Chuo kimeshakwenda mara 24 sasa, kikiwa na makocha tofauti, na kabati bado tupu. Na hiyo nayo tumpe marehemu?