Pakeji ya kuwasha seva inadanganya kwamba seva iko hewani, hii siyo sawa kabisa!

Wakuu, nina hasira. Kuna pakeji ndogo ya npm (ghala la pakeji za JavaScript), jina siitaji, inajinadi kuwasha seva ya wavuti kwa laini moja, unaipa folda na namba ya poti (mlango ambao seva inapokelea maombi) basi. Dogo ninayemfundisha Node (programu ya kuendesha JavaScript nje ya brauza) kahangaika nayo jioni nzima, anabadilisha HTML, anasevu, anarifreshi brauza, ukurasa haubadiliki hata herufi, na terminali inamwambia kwa kijani kabisa seva iko hewani poti 3000. Akafuta node_modules (folda ya pakeji zilizoshushwa) akashusha vyote upya mpaka bando likakata, na bando lenyewe kanunua kwa hela ya kula.

Tukaifungua index.js yao, faili kuu la kodi ya pakeji. Yaani mtu kaita listen (amri ya kuifungulia seva poti), laini inayofuata anaprinti "iko hewani", hajasubiri kujua kama poti imefunguka! Listen haitoi jibu palepale, ndo maana Node ina tukio la listening (poti imefunguka) na tukio la error (imeshindikana), unaambiwa baadaye. Sasa hilo la error kalidaka, ndani ya fanksheni hamna kitu, mabano matupu!! lsof -i :3000, amri ya kuona programu gani inatumia poti 3000, ikatuonyesha poti imeshikwa na nakala ya zamani ya mradi uleule, bado inarun kwenye terminali nyingine, ndo hiyo brauza ilikuwa inaionyesha. Node ilitoa EADDRINUSE (kosa la poti kuwa tayari inatumika) kama kawaida yake, pakeji ikaimeza. Na kwa kuwa pakeji inachunga mabadiliko ya mafaili, haizimiki, inakaa pale kama seva kweli kumbe hamna seva.

Kinachoniuma ni kwamba angeacha bila kugusa kitu ingekuwa afadhali, maana error isipodakwa Node inazima programu hapohapo na kukutajia poti yenye shida. Ukiomba poti 80 kwenye Linux bila ruhusa, EACCES (kosa la kukosa ruhusa) nayo inamezwa vilevile.

Nimewaandikia wenye pakeji, nikajibiwa eti wanaoanza wanaogopa maandishi mekundu. Jamani! Huyo anayeanza ndo hajui hata lsof ni nini, unamfichia kosa halafu unataka ajue aanzie wapi?

Dogo nimemhamishia kwenye http.createServer ya Node yenyewe. Mnaoitumia hiyo pakeji wabaneni hukohuko GitHub kodi yao ilipo, maneno ya "iko hewani" yaingie ndani ya listening na ile fanksheni tupu ifutwe. Ni laini mbili tu hizo.