Ushauri: gari la kusindikiza msafara wa baiskeli, Moshi hadi Tanga, watu 14, siku 5

Pedali za Kibo (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni, na shikamoo kwa wakubwa.

Kikundi chetu ni watu 14, wanaume 9 na wanawake 5. Mwezi wa saba tunataka kwenda Moshi–Same, Same–Mombo, siku ya tatu kupanda Lushoto, ya nne kushuka na kulala Korogwe, ya tano Tanga mjini. Mkubwa wetu ana miaka 61, na wawili hawajawahi kupita kilomita 80 kwa siku.

Kinachonisumbua ni gari. Mwaka jana tulikodi gari zuri, jipya, dereva mpole. Siku ya pili akauliza tunalala wapi, tukamwambia, akatangulia. Mchana mwenzetu mmoja akabaki nyuma peke yake kati ya Makanya na Hedaru, tairi limepasuka, maji yamekwisha, simu haishiki mtandao. Mama mmoja mwenye genge kando ya lami ndiye aliyemkalisha kivulini na kumpa maji. Tulimpata saa kumi na moja jioni, midomo imepasuka, hataki hata kuongea na mimi. Gari lile nilikodi mimi.

Sasa nimepata watu wawili. Wa kwanza ni kampuni ya utalii: Land Cruiser na trela, mpishi, fundi, bei kwa dola. Wa pili ni mzee mwenye Coaster yake, laki tatu na nusu kwa siku, mafuta juu yetu, baiskeli anasema atazifunga juu ya keria. Kampuni ni zaidi ya mara mbili ya mzee. Niwapime kwa kitu gani? Nawasilisha.

Usukani 19

Pole sana mkuu, na mpe pole mwenzenu. Mimi ni dereva wa Coaster, mwaka wa 19 huu.

Dereva wa kukodiwa amezoea kazi moja: kufikisha watu. Ukishamtajia mnapolala, akili yake imeshafika huko. Kwa hiyo usimkabidhi ratiba ya kulala, mkabidhi mtu wa mwisho. Iandikwe kwenye mkataba, kwa Kiswahili, kwamba gari halifiki kituo cha kulala kabla ya baiskeli ya mwisho, na kwamba malipo ya siku hiyo yanategemea hilo.

Ila msimwambie awafuate mgongoni kwa mwendo wa baiskeli. Ile ni barabara kuu ya Dar na Arusha. Dereva wa basi akikuta Coaster inatambaa atatanua kuipita, haoni kilicho mbele yake, na kilicho mbele ni ninyi. Gari litangulie kilomita saba au nane, litoke kabisa nje ya lami, liweke pembetatu, dereva ashuke ahesabu vichwa vinavyopita. Haondoki hapo mpaka wa kumi na nne apite. Akifika kumi na tatu na mmoja haonekani, anageuza. Mtu akipata pancha, gari liko mbele yake na linamsubiri, halijamkimbia.

Karatasi: leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, iwe ya gari la kukodi. Coaster yenye leseni ya daladala haitoki njia yake bila kibali, na mkianza kusimamishwa na trafiki Same na Mombo mtapoteza asubuhi nzima. Uliza bima kama inabeba na abiria. Leseni ya dereva iwe daraja C, ya abiria. Mafuta: jazeni tangi pamoja Moshi, mjaze tena pamoja Tanga, ndiyo hesabu. Na dereva alale kitandani kama ninyi. Anayelala kwenye kiti usiku, kesho ndiye anayewasindikiza kushuka Lushoto.

Fundi Spoku

Baiskeli juu ya keria, hapana. Nilishapokea moja iliyosafiri imelala upande wa cheni, wenzake wawili juu yake. Kile kichuma kidogo kinachoshika gia ya nyuma kilikuwa kimepinda kidogo tu, kwa macho huoni. Mwenyewe akapanda, akaweka gia ya mlima, gia ikaingia kwenye tairi na kukata spoku sita kwa mpigo. Alikuwa anapanda. Angekuwa anashuka ingekuwa habari nyingine.

Mwombe mzee ang'oe viti vya safu mbili za nyuma. Baiskeli zisimame ndani, tairi la mbele limetolewa, blanketi katikati ya kila moja, zifungwe kwa tyubu kuukuu siyo kamba ya katani, kwa sababu tyubu inavutika na haikwaruzi. Asipokubali kung'oa viti, tafuta Canter ndogo ya mizigo imfuate.

Same hadi Mkomazi ni miiba ya migunga. Kila mtu tyubu mbili zake, na gari libebe kumi za ziada. Kagua pini za kujazia upepo kwanza, nyembamba na nene, maana pampu moja haiingii zote. Na fundi awe mtu wake, msimtwishe dereva kazi hiyo.

Kushuka Lushoto hadi Mombo ni kama kilomita 33, kona juu ya kona, karibu mita 1,000 za mteremko. Wenye breki za kubana rimu wasimame Soni wapoze. Rimu ikipata moto sana tyubu hupasuka.

Dada wa Pasua

Mna wanawake watano na sijaona swali lao. Kabla ya bei, muulize kila mwenye gari: tukihitaji kujisitiri katikati ya tambarare ya Same, gari litasimama wapi na litasimama vipi? Sisi tulisafiri na dereva ambaye kila ukimwomba anasema "vumilia mpaka mjini". Wenzangu wawili waliacha kunywa maji ili wasimwombe. Kwenye jua lile! Gari lisimame mlango ukiangalia porini, khanga mbili na kamba, dereva na utingo waende upande wa pili. Akisita kujibu, umeshapata jibu.

Nesi Magunga

Aliyosema dada hapo juu yamewahi kumlaza mtu kwetu Korogwe. Hesabuni maji lita sita kwa mtu kwa siku. Kwa watu 14 ni lita 84, yaani madumu matano ya lita 20, na pakiti za chumvichumvi (ORS) za kuchanganya na maji ndani ya gari, siyo kwenye mizigo iliyofungwa.

Chagueni mapema mtu mmoja mwenye neno la mwisho la kumpakia mtu garini. Anayezidiwa na joto hakubali kwamba amezidiwa. Ukimwona anajibu ovyo au anayumba, mpandishe, mumwagie maji, mpepeeni, hospitali. Dereva ajue zilipo: KCMC Moshi, hospitali ya wilaya Same, Magunga Korogwe, Bombo Tanga. Ajali ya barabarani mtaulizwa PF3, ile fomu ya polisi, kwa hiyo mmoja apitie polisi wakati mgonjwa anapelekwa.

Mwana Muheza

Kwa nini msianzie Tanga? Mwezi wa saba ni kusi, upepo unaotoka kusini mashariki. Kutoka Moshi mnakuja kusini mashariki, upepo wote kifuani, na pale Same unapita kama umefunguliwa mlango. Ukianzia huku, upepo unakusukuma mgongoni, ukimaliza uko nyumbani. Mtapanda kidogo, lakini Moshi yenyewe haifiki mita 1,000 na kupanda kumegawanyika siku nzima nzima. Wale wawili wageni mtawasaidia kuliko gari lolote.

Pedali za Kibo

Asanteni sana, nimewasoma wote mara mbili. Tunaanzia Tanga, kikundi kimekubali jana usiku.

Nimewapigia wote wawili na maswali yenu. Kampuni wamenijibu vizuri kwa adabu, lakini gari lao lazima litangulie kuandaa chakula cha mchana, na la pili la kubaki nyuma ni bei nyingine. Mzee wa Coaster alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Huyo wa mwisho wenu anakwenda mwendo gani?" Mwaka jana hakuna aliyeniuliza hivyo. Viti vya nyuma amekubali kung'oa, leseni ya kukodi anayo, nimeiona. La kujisitiri amesema atakuja na binti yake, ndiye utingo wake. Fundi tutamlipa wenyewe. Jumamosi anatusindikiza hadi Mwanga na kurudi, tumjaribu.

Usukani 19

Vizuri mkuu. Hiyo Jumamosi, mmoja wenu abaki nyuma makusudi kwenye kivuli cha mti, bila mzee kujua. Akae hapo na saa mkononi, aone gari litageuza baada ya dakika ngapi.